Sehemu Iliyotulia

Jamaa zangu wa Dar wakishavuka kuja Unguja, ombi lao ni lilelile: "Kaka, tutafutie sehemu iliyotulia, ya wenyeji." Nungwi hawaitaki, imejaa watu. Kweli imejaa. Mara ya mwisho nilipokwenda, kabla sijakaa nikawa nimeshauziwa bangili, miwani na safari ya kutazama jua likizama, na mimi, niliyezaliwa Jambiani, nikasalimiwa Kitaliano na kijana wa Donge.

Lakini watu hawakubanana kule kwa ujinga. Nungwi na Kendwa maji hayapwi mbali, mtu anaogelea saa yoyote. Sisi wa mashariki, bamvua likiingia, bahari huondoka asubuhi ikaenda kukaa huko kwenye mwamba. Ndiyo bei ya utulivu, na hakuna anayeuliza bei kabla ya kuagiza.

Pengine pote pameharibika. Paje anga nzima ni matiara, na chini ya kila tiara kuna Mzungu anaburutwa. Kizimkazi nako mashua zinavyowafukuza pomboo, nadhani wao wenyewe wanatafuta sehemu iliyotulia.

Basi nikampeleka binamu yangu na mumewe kwetu, upande wa mwisho wa kijiji. Tumefika saa nne. Shemeji kavaa kaptura ya kuogelea, taulo begani, mafuta ya jua yanamng'ara puani. Akasimama akatazama mchanga, nyasi za baharini na vijiti vya mwani mpaka macho yanapoishia.

"Bahari iko wapi?"

"Yamekupwa hayo," shangazi akamjibu, kainama kwenye shamba lake la mwani, maji ya vifundoni. "Yatarudi alasiri. Hayana pengine pa kwenda."

Shemeji akasema basi ataangalia tu maisha ya wenyeji. Shangazi akamtazama taulo, akamtazama mikono, akampa kamba. "Wenyeji ndio sisi. Funga."

Kilimo hiki cha mwani kiliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokibeba mpaka leo ni wanawake: kufunga vichipukizi kwenye kamba, kungoja wiki kadhaa, kuvuna, kubeba mzigo mbichi kichwani, kuanika. Ukikauka unasafirishwa nje, unaingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu za watu. Shemeji alifunga kamba moja, akashika kiuno. Kisha akajipiga picha, akaibandika mtandaoni: "Pepo iliyojificha", na chini yake jina la kijiji pamoja na ramani, isije ikaendelea kujificha.

Juzi nimepita kwa shangazi. Pamewekwa benchi chini ya mnazi, na ubao umeandikwa kwa chaki: picha na mwani, bei, kufunga kamba, bei. Dafu limepanda mara mbili. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake.

"Najua mwanangu," akasema, akinyoosha kiganja. "Ndiyo maana wewe sikukutoza benchi."