Mapishi ya Kuisoma Tanganyika

Mahitaji: kalamu ya risasi moja, daftari la kurasa mia, ramani kubwa ya kutandika mezani, vitabu visivyopungua viwili juu ya jambo lile lile, na mzee mmoja mwenye kumbukumbu, aliyekwisha kunywa chai. Ukikosa ramani, kaazime. Ukikosa mzee, ahirisha mapishi.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya msomaji mmoja ninayemfahamu, na naamini nawe unamfahamu. Amesoma riwaya moja juu ya Tanganyika ya enzi za Wajerumani, akaipenda, na tangu hapo hakuna baraza analopita bila kutueleza sisi ni watu gani. Kitabu kimoja kimempa shibe ya mwaka mzima. Simlaumu kwa kusoma. Namlaumu kwa kuinuka mkekani mapema. Nchi iliyotawaliwa na wageni ina tabu yake ya pekee: aliyepiga ndiye aliyeandika ripoti ya kipigo. Karatasi zilikuwa zake, mtambo wa chapa ulikuwa wake, kabati la kuhifadhi nyaraka lilikuwa lake, na ufunguo aliondoka nao. Mchele wa namna hiyo una mawe. Lazima uchaguliwe kabla ya kuinjikwa, punje kwa punje, mahali penye mwanga.

Anza kabla hujafungua kitabu. Sema maneno matatu: hela, shule, manamba. La kwanza ni sarafu ya heller, ambayo Wadachi, yaani Wajerumani, waliiingiza mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja. La pili ni neno lao wenyewe, Schule. La tatu lilikuja na mkonge na Kiingereza: mtu aliandikishwa, akapewa namba, akapelekwa shamba mbali na kwao, na namba ikawa ndilo jina la watu wa aina yake. Ukipata mzee wa pwani mwenye kumbukumbu za baba yake, muulize na hamsa ishirini. Hiyo ni idadi ya viboko, 25, ambavyo serikali ya Kidachi ilivitoa kwa kosa na kwa karibu-na-kosa. Sarafu ya heller imekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini jana tu umemwambia rafiki yako huna hela. Maktaba yako ya kwanza umezaliwa nayo, imo kinywani, nawe unaitafuna kila siku bila kuisoma.

Sasa fungua vitabu, na kitu cha kwanza cha kukagua ni jina la jambo. Muuza samaki hakuonyeshi matamvua kwa hiari yake, unayafunua mwenyewe. Chukua vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889. Katika vitabu vya Kijerumani utakuta vinaitwa uasi wa Waarabu. Katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyeishi zama hizo hizo, ni vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, yaani pwani hiyo. Weka majina hayo mawili kando kwa kando uyatazame vizuri. Kuasi ni kumkana bwana wako. Je, mwaka ule Wadachi walikuwa mabwana wa nani? Kampuni yao ilikuwa imekodi pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar mwezi Aprili 1888; Agosti wakapandisha bendera yao Pangani kwa ubabe, na watu wa Pangani, Waarabu na wasio Waarabu, wakakataa. Wamo waungwana wa mji, wamo wapagazi, wamo watu wa bara walioteremka. Hao wote wakatiwa kapu moja lenye jina la Waarabu.

Jina hilo lilikuwa na bei. Huko Berlin, Kansela Bismarck alihitaji fedha za Bunge, na bunge halikupenda kulipia deni la kampuni ya wafanyabiashara. Lakini vita dhidi ya Waarabu wauza watumwa, hiyo ilikuwa habari nyingine kabisa. Januari 1889 Bunge likaidhinisha maki milioni 2, afisa Hermann von Wissmann akapewa kazi ya kuajiri askari Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri bin Salim, kiongozi wa wapiganaji wa pwani, akanyongwa Pangani. Ukikutana na neno uasi katika kitabu chochote cha nchi iliyotawaliwa, simama, chora mstari chini yake, kisha uliza aliyeliandika alikuwa anamwomba nani fedha.

Hatua inayofuata ndiyo yenye nyama, kwa hiyo usiikimbilie. Tafuta mwenyeji aliyeandika, halafu soma maisha yake pamoja na kitabu chake. Wa kwanza wangu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Mwaka 1903 kilitoka Ujerumani kitabu cha Kiswahili kinachoitwa Desturi za Wasuaheli, na jina lililotangulia lilikuwa la Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa gavana. Lakini mwandishi wake mkuu alikuwa Mtoro. Humo mna kuzaliwa na kupewa jina, jando, harusi, ngoma, pepo, safari za bara, utumwa na uungwana, vyote kwa Kiswahili kilichonyooka cha mtu anayezungumzia kwao.

Mwandishi mwenyewe yalimpata haya. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Mwaka 1904 akamwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske, ndoa halali. Mwaka 1905 wakapanda meli warudi kwao Mtoro. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, serikali ya koloni ikakataa kumruhusu ashuke na mkewe. Mtu aliyewaandikia Wajerumani ada za harusi za Waswahili, hatua kwa hatua, hakuruhusiwa kumshusha bibi harusi wake melini. Wakarudi Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.

Ukikisoma kitabu bila habari hiyo, utasoma desturi. Ukikisoma nayo, utajua pia desturi zilikusanywa kwa faida ya nani, na aliyezitoa alilipwa nini.

Na hapa ndipo mzee anapohitajika. Mimi nilimsomea shangazi yangu sura za harusi, yeye akiwa anachambua mchicha ukumbini. Alisikiliza kama anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine, mpaka tulipofika kwenye ada wanazodai wazazi wa mwari. Nikamuuliza, “Shangazi, mkaja ni nini hasa?” Aliweka mchicha chini, akasimama, akafungua khanga aliyojitanda, akajifunga tumboni kwa nguvu, mizunguko miwili, akaikaza kwa nyuma.

“Hivi,” akasema. “Ukishazaa unafungwa hivi, tumbo lirudi. Nguo hiyo ndiyo mkaja. Sasa bwana anayemtaka binti yangu, si lazima ailipe? Nilijifunga kwa ajili ya huyo huyo anayemtaka!”

Nilikuwa nimeandika daftarini: mkaja, ada ya mama wa binti. Nikafuta, nikaandika upya nusu ukurasa. Kisha akaniambia kwamba mtaani kwao mambo fulani hayakuwa yakifanyika kama nilivyosoma, nami nikayaandika pia, pembeni, kwa kalamu ya risasi. Kitabu cha mwenyeji si msahafu. Mtu wa Bagamoyo ameandika Bagamoyo, na pwani ni ndefu.

Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vinataka sufuria kubwa zaidi. Anza na ramani. Weka kidole Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, ambako mwishoni mwa Julai 1905 watu waling’oa pamba waliyolazimishwa kulima. Sogeza kidole Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya vita, kisha Mohoro alikonyongwa tarehe 4 Agosti, vita vikiwa havijamaliza hata majuma mawili. Halafu teremka mpaka Songea. Mtu anayeona umbali huo kwa macho yake hatarudia tena kusema vilikuwa vurugu za kabila moja.

Ndipo uchukue tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Isome kwa sauti, mgawane sehemu nyumbani, watoto wawe askari. Lakini usichukue humo tarehe wala wasifu. Hussein mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa fikra, si yule wa Ngarambe. Tamthilia inakupa swali la kiongozi ambaye neno lake limemtoka mkononi na kuwa kubwa kumpita. Historia inakupa idadi ya makaburi. Vyote viwili unavihitaji, ila kila kimoja kina chungu chake.

Usiogope kusoma na kitabu cha aliyetawala. Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, aliandika chake juu ya vita hivyo na kukichapisha mwaka 1909. Mtu wa namna hiyo husomwa kama shahidi wa upande wa pili anavyosikilizwa barazani: hukubaliani naye, lakini unatega sikio kwa kile asichojua kwamba anakiungama. Serikali yake ilikadiria Waafrika 75,000 walikufa. Wanahistoria waliokuja baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, walifika hadi 250,000 na 300,000, kwa sababu walihesabu na waliouawa na njaa. Na njaa hiyo haikutoka mbinguni. Vijiji vilichomwa, maghala yalichomwa, mashamba yaliharibiwa, na maofisa wa Kijerumani waliandika wazi kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza wapiganaji. Ukisikia mtu anataja idadi ya waliokufa katika koloni lolote, muulize amehesabu risasi tu au na matumbo.

Kuna kosa moja nalikuta hata kwa wasomaji hodari: wanadhani nchi ilianza siku bendera ya kigeni ilipopandishwa. Dawa yake ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, akieleza maisha ya kisiwa chake kabla Mzungu hajafika: kilimo, uvuvi, uganga, wakwe, na mke na mume wanaopendana wakitafuta mtoto. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Miaka 35 ya kungoja. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Wingi wa kurasa zake usikutishe. Soma sura moja kila Jumapili.

Riwaya za Abdulrazak Gurnah nazo zisome, hasa kwa kuwa Paradise sasa ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Zisome baada ya Mtoro, si badala yake.

Hatua ya mwisho haina kitabu, na ndiyo yenye haraka kuliko zote. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 pamba iling’olewapo alikuwa na miaka 73. Walimkuta. Walimuuliza, naye akajibu, na bila majibu hayo tungebaki na von Götzen na makabati yake. Mashahidi hao leo hayupo hata mmoja.

Lakini wapo wengine. Mwaka 1947 Waingereza waliingiza matrekta Kongwa kulima karanga, mradi uliokufa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36. Vitabu vya mradi huo vimejaa mabwana shamba na mahesabu yao. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile matrekta yalipofika, akiwa amesimama njiani anayatazama, leo anakaribia 90. Waliokuwa manamba mkonge ukiwa bado dhahabu wanakaa nyuma ya nyumba zetu, wanaota jua la asubuhi. Mpelekee mmoja wao chai wiki hii, na usisahau kalamu ya risasi.