Maharage Yasiyo na Nyama

Kusini mwa Marekani nguruwe si nyama. Ni kiungo kama chumvi, na hakuna mpishi anayekutangazia kwamba ametia chumvi. Kwa mtu wa Tanga asiyekula kitimoto, jambo hilo lingefaa kuandikwa kwenye viza.

Tulitoka Nashville mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye huendesha malori huko na hujigamba kwamba anaijua migahawa yote ya njiani. Ni kweli anaijua, kwa maegesho yake. Kituo cha kwanza kilikuwa kuku wa pilipili. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 bwana mmoja, Thornton Prince, alirudi nyumbani alfajiri akitoka kwenye mambo yake, na mwanamke wake akamkomesha kwa kumkaangia kuku aliyemwagiwa pilipili bila huruma. Bwana akaomba aongezwe, kisha akafungua mgahawa. Kuku huyo hadi leo huja juu ya slesi za mkate mweupe na tango la siki. Suala la uchinjaji shemeji alilitolea fatwa, ila aliitoa akiwa kwenye paja la pili. Aliagiza yule mkali kupita wote. Kwikwi iliyomshika pale ilimwachia tulipokaribia Memphis, kilomita zaidi ya 300.

Memphis ni mji wa mbavu za nguruwe za kuchoma. Tulipita vioo vikiwa vimefungwa.

Tukashika barabara ya 61 kuingia Mississippi, pamba kulia, pamba kushoto, njaa katikati. Kwenye kimgahawa kimoja niliona sukuma wiki kwenye sahani ya jirani, moyo ukatulia. Mhudumu, mama mtu mzima anayemwita kila mteja "asali", nikamuuliza kama zina nyama.

"Hapana, asali. Hamna nyama kabisa."

Zikaja zimepikwa mpaka zimesahau kwamba ziliwahi kuwa majani, na katikati yake kumelala kifundo cha mguu, ngozi juu.

"Mama, na huu?"

"Huo? Huo ni mguu tu, wa kuleta ladha."

Maharage je? Hayana nyama, yana vipande vya mafuta ya mgongo. Mkate wa mahindi? Hauna nyama, kikaango tu ndicho kilichopakwa mafuta ya bekoni. Kila swali lilizidi kumhuzunisha, kama vile mgonjwa ni mimi. Mwishowe akatuletea kambare waliovingirishwa kwenye unga wa mahindi na kukaangwa kwa mafuta ya karanga, na niseme haki: sijala kambare mtamu kama yule, na nimekula wengi.

New Orleans tuliingia Jumatatu. Shemeji alifurahi, maana Jumatatu mji mzima hula wali na maharage mekundu, desturi ya enzi ambazo siku hiyo ilikuwa ya kufua, chungu kikaachwa jikoni kijipike chenyewe. Kilijipika pamoja na nini? Na mfupa wa paja la nguruwe uliobaki Jumapili.

Tukakimbilia kahawa na maandazi ya pembe nne yaliyofukiwa kwenye sukari ya unga. Yale huliwa pumzi zimebanwa. Shemeji hakujua, alicheka mdomo ukiwa umejaa, na shati lake jeusi likawa la mwashi anayepaka chokaa. Kijana wa meza akaja na kitambaa, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama maandazi yake yana nyama.

"Hapana, bwana."

"Na mguu?"