Ngazi ya London, Vumbi la Gitaza

Ngazi ya umeme huzeeka kama mashine nyingine yoyote. Kwenye treni za chini ya ardhi za London, ambako ya kwanza iliwekwa Earl's Court mwaka 1911, hukadiriwa kuishi miaka 40 hivi, tena ikitunzwa. Kisha hung'olewa yote. Mtambo mzima haupiti kwenye vichochoro vya stesheni, kwa hiyo mpya huingizwa vipande vipande, mara nyingi usiku treni zikilala. Miezi hukatika.

Elimu hii tuliipata kwa mtoto wa shangazi yangu, anayeishi huko, siku tuliyokwama njiani kwenda Buja, yaani Bujumbura. Enzi hizo kilomita 45 za barabara ya RN3 kati ya Rumonge na Gitaza zilikuwa zimefumuliwa. Kushoto ziwa, kulia mlima, nao una tabia ya kushukia barabarani mvua ikizidi; Machi 2015 ulishuka hasa, njia ikafungwa. Hakukuwa na pa kuchepukia. Magari yalipita kwa zamu, na mwenye zamu alikuwa kijana wa kibendera, ambaye siku ile alimshinda gavana kwa mamlaka.

Probox yetu ilibeba watu wengi kuliko viti, kapu la ndagala wakavu, na kidumu cha mawese nilichowekewa miguuni. "Wewe msomi, utakiangalia," alisema dereva. Kifuniko kilikuwa kipande cha nailoni kilichofungwa kwa mpira. Jua likapanda, mawese yakalainika, nailoni ikasalimu amri. Suruali yangu ya kijivu, ya kuendea kuomba kazi, ikawa nyekundu kuanzia magotini.

Mwenye kidumu akaitazama kwa uchungu. "Mawese yangu!"

Ndipo shangazi akafungulia ujumbe wa sauti wa mwanawe, simu ikipaza hadi mwisho. Kijana anahema. Ngazi ya stesheni yake imefungwa, anapanda kwa miguu asubuhi na jioni, wamebandika tu tangazo lenye tarehe ya kumaliza kazi.

"Tarehe?" dereva akageuka. "Wameandika na tarehe?"

Gari zima likatafakari jambo hilo.

Shangazi akabonyeza kitufe cha kujibu. "Pole, mwanangu. Ngazi wameifunga, nimesikia. Na miguu nayo wameifunga?"

Tukaangua kicheko sote, isipokuwa mwenye kidumu, aliyekuwa bado anaikadiria suruali yangu: nusu lita, au zaidi kidogo.