Msiniulize Yuko Gredi Gani

Mkenya hawezi kuketi karibu na mtoto wa mtu kwenye matatu, harusini au hata matangani bila kumuuliza yuko gredi gani. Siku hizi swali hilo hutangulia hata salamu. Binti yangu, ambaye hana siri, hujibu kwamba yeye husomea nyumbani, na hapo macho yote hunigeukia mimi kana kwamba karo nimeinywa.

Karo sijainywa. Basi la shule lilikuwa likipita mtaani kwetu Utawala kabla jogoo hajawika, na mama watoto akakataa katakata mtoto wa umri ule amalizie usingizi wake kwenye foleni ya magari. Uamuzi ukapitishwa, mimi nikaarifiwa. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alinikumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, kisha akaahidi kuniletea uji korokoroni. Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Ambalo sikulitarajia ni swali la mama watoto baada ya chakula cha jioni: "Baba, sasa huyu tumnunulie vitabu vya kiwango gani?"

Ungedhani ni suala la kuhesabu miaka tu. Haya, tuhesabu. Januari shule zilipofunguliwa, binti alikuwa na miaka mitano na nusu. Kwa mpango wa Kenya, mtoto wa miaka minne huingia PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, na wa mitano PP2, hivyo yeye ni wa PP2. Lakini ukifuata vitabu vya Uingereza, ambako mwaka wa masomo huanza Septemba, tayari yuko Year 1, tena amekwisha kula muhula mzima. Ukifuata vya Marekani, bado yuko kindergarten. Ukimpeleka Finland, watamwambia arudi akacheze, maana huko darasa la kwanza huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka saba. Mtoto ni yule yule, kamasi ni zile zile, na bado ameweza kuwa mbele, nyuma na katikati bila kuinuka kwenye kiti.

Basi tukaomba ushauri. Usiwahi kuwaomba ushauri wazazi wanaosomesha nyumbani kama una shughuli nyingine wiki hiyo. Hawa wana madhehebu. Wapo wa mtaala wa Cambridge, ambao huzungumzia watoto wao kwa Kiswahili lakini gharama huzitaja kwa pauni. Wapo wa Charlotte Mason, yule mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, ambaye alishikilia kwamba masomo rasmi yangoje mpaka mtoto afikishe miaka sita na kabla ya hapo ashinde nje akitazama ndege na maua. Nilitoka nje nikatazama. Niliona lori la kokoto na vumbi lake.

Na wapo wa Montessori. Hawa walinichosha zaidi. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, katika mtaa wa San Lorenzo, kwa ajili ya watoto wa maskini. Leo vijiti vyake vya mbao vya kuhesabia vinauzwa bei ambayo maskini wa San Lorenzo angeiona angepiga yowe. Nilimwambia mama watoto kwamba maharagwe pia huhesabika, na yakishahesabiwa yanapikwa. Hakucheka.

Wauzaji wa vitabu nao hawasaidii. Yule wa mjini alimtazama binti kuanzia viatu mpaka utosini, akatamka: "Huyu ni gredi ya pili." Kumbe alikuwa amebakiwa na vitabu vya gredi ya pili.

Hata hivyo, ukitaka kujua kiwango cha mtoto kinachaguliwaje hasa, muulize nyanya yake. Mama mkwe alipiga simu kutueleza kwamba mtoto wa shemeji yangu, aliyepishana na wetu kwa miezi tu, ameshaingia gredi ya kwanza. Hakusema zaidi. Hakuhitaji. Kesho yake mama watoto alikuwa akipekua vitabu vya gredi ya kwanza, na nilielewa kwamba tunachagua kiwango namna tunavyonunua sare ya shule: unachukua iliyopwaya ili mtoto akulie humo. Tofauti ni kwamba sare iliyopwaya unaikunja mikono. Hesabu iliyopwaya haikunjiki; mtoto hulia tu.

Na kitu kinachoniudhi katika haya yote ni kwamba jibu lilikuwa mezani kwetu, limeshika kikombe cha uji. Binti anasoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, hata vile ambavyo ningependa avipite. Ukimtuma kwa muuza mboga na noti ya mia, anajua chenji anayostahili kurudishiwa na atagomba mpaka aipate. Lakini mpe penseli: herufi zake zinatazama ukutani, na tano yake imelala chali. Mkasi akiushika, kinachokatwa ni nguo yake. Sasa huyo ni gredi gani? Kwa kusoma ni ya kwanza au hata ya pili. Kwa kuandika ni PP1. Kwa biashara anaweza kuniajiri.

Wale wa Accelerated Christian Education, mpango uliozaliwa Texas mwaka 1970, angalau hilo waliligundua. Kabla hawajakuuzia chochote, mtoto hupewa mtihani wa kupima alipo katika kila somo peke yake, ndipo aanzishwe vijitabu vyake, kumi na viwili kwa kila somo kwa mwaka. Anaweza kuwa mbele huku na nyuma kule, na hakuna anayeita polisi. Sijanunua mpango wao. Kumweka mtoto ajaze vijitabu peke yake kutwa nzima hakunipendezi. Ila wazo la kupima kwanza ni la bure, na vya bure mimi sivikatai.

Gredi ziliwekwa kwa sababu mwalimu mmoja mwenye watoto hamsini lazima awapange kwa namna fulani, na tarehe ya kuzaliwa ndiyo rahisi kuisoma. Mimi nina mwanafunzi mmoja. Mtaala wa umilisi unanitaka niseme kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Katika darasa langu yeye ndiye wa kwanza na ndiye wa mkia, kwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usilipe kwanza. Miundo ya mtaala wa serikali ipo kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala; ipakue uisome. Mpe mtoto kurasa za kiwango hiki na kile, somo kwa somo, umtazame. Akimaliza huku anaimba, mpandishe. Akianza kuomba maji ya kunywa kila baada ya mstari, mshushe, wala usimwambie mtu. Mtoto wa miaka mitano hana anachochelewa. Mwenye haraka ni mzazi, na ukichunguza utakuta haraka yenyewe ameambukizwa na shemeji.