Jinsi ya Kukaa kwenye Kampuni Iliyoyumba na Kutoka na Chako

Sogea karibu, hii tunaongea sisi wawili. Kampuni yako imeyumba. Mshahara wa mwezi jana umekuja kwa mafungu mawili, bosi wa mauzo na bosi wa fedha hawasalimiani, na kila ukiuliza unajibiwa, "Tuvumiliane, sisi ni familia." Wenzako wamegawanyika: wapo wanaoamini mambo yatakaa sawa, wapo wanaotukana kimoyomoyo, na wengi wanakuja kwa sababu wameshazoea njia. Wewe baki kwanza, ila baki kwa akili.

1. Waache wakubwa, msikilize dereva.

Kwenye kikao utaambiwa mwekezaji anakuja. Dereva yeye anajua kama asubuhi amepewa hela ya kujaza tangi au ya lita 5 za kwenda benki na kurudi. Dada wa mapokezi anajua wazabuni wangapi wako kwenye benchi tangu saa mbili wakisubiri hundi, na ameshaagizwa aseme mhasibu katoka, wakati viatu vya mhasibu vinaonekana chini ya pazia. Wanunulie chai watu hawa, wanajua kampuni ina uhai wa miezi mingapi. Pale Nakumatt, Kenya, rafu za supamaketi zilikauka mwaka 2017 kwa sababu wasambazaji walikuwa wanadai. Kura ya wadai ya kuifilisi ilipigwa Januari 2020. Rafu zilisema mapema sana.

2. Shukuru kwa maandishi.

Hapa ndipo penye utamu. Kampuni ikivurugika, maagizo hutolewa kwenye ngazi, kwenye gari, kwenye simu saa tatu usiku, na yakiharibu kazi hapatikani aliyeyatoa. Usibishane. Hakuna bosi asiyependa kushukuriwa, basi mshukuru. Ukitoka tu ofisini kwake, mwandikie: "Asante sana bosi kwa maelekezo ya asubuhi, kwamba mzigo wa Morogoro utoke bila kusubiri malipo ya awali. Nimeanza utekelezaji." Atakujibu kwa kidole gumba, roho yake nyeupe kabisa. Kidole hicho ni saini. Kihifadhi. Mwezi ujao mteja wa Morogoro akiingia mitini na kikao kikaitishwa kumsaka aliyeruhusu mzigo, wewe fungua simu taratibu.

Mabosi wakiwa wawili na kila mmoja ana agizo lake, washukuru wote kwenye ujumbe mmoja, kisha nenda kale. Ukirudi watakuwa wameelewana, au wanagombana wao kwa wao, na yote mawili ni nafuu kwako.

Kwenye vikao jitolee kuandika muhtasari. Wenzako wataona umejishusha, waache waone hivyo. Andika: "Mkurugenzi, kwa moyo wake wa kujali, aliahidi kuwa malimbikizo ya Machi na Aprili yatalipwa kabla ya tarehe 15." Atausaini kwa ajili ya huo moyo wa kujali, na tarehe 15 itapita pamoja na moyo.

3. Cheo ukipewa, pokea.

Kampuni isiyo na hela hulipa kwa vyeo. Meneja ameondoka bila kuaga, unaitwa, unaambiwa kuanzia leo wewe ni Kaimu Meneja. Utataka kujifanya unafikiria. Usijisumbue, sote tunajua umeshaanza kuwaza utakavyomwambia mama nyumbani. Kubali, lakini siku hiyohiyo omba barua yenye tarehe, na ndani yake posho ya kukaimu iandikwe kwa tarakimu. Barua utaipata, maana karatasi bado ipo. Posho itachelewa, nawe utaiweka kwenye orodha ya madai yako ikiwa na ushahidi. Cheo kiingize kwenye wasifu wako wa kazi usiku huohuo.

4. Usiiamini slipu.

Hili linaniuma kuliko yote. Slipu ya mshahara inaonyesha umekatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii huku Tanzania. Mwajiri anapaswa kuongeza 10 nyingine, zipelekwe 20. Kampuni ikibanwa, mara nyingi huchomoa hapo kwanza, kwa sababu mfuko hauji kugonga mlango kama mwenye nyumba. Mtu anafanya kazi miaka, slipu zake zimepangwa vizuri kwenye faili, na akaunti haina kitu. Kwa hiyo usimuulize mhasibu, atakuapia. Angalia taarifa ya michango yako mwenyewe, au nenda ofisi ya NSSF na namba yako ya uanachama. Ukikuta miezi mitupu, waambie maofisa wa mfuko. Sheria inawapa nguvu ya kumdai mwajiri, nawe kesho yake unaingia kazini unasalimia kama kawaida.

5. Usiikopeshe kampuni.

Nauli ya kwenda kwa mteja, bando, bodaboda ya kupeleka nyaraka: "Tumia yako, tutakurudishia." Safari ya pili jibu kwa upole kwamba unasubiri masurufu. Na usichukue mkopo wa kausha damu ili upate nauli ya kwenda mahali ambapo hulipwi. Mama ntilie naye mwambie ukweli kuhusu tarehe ya mshahara. Mchele wa kesho anaununua kwa hela uliyoahidi kumlipa leo.

6. Usiondoke na hasira.

Najua unavyoiota siku ile: unatupa kitambulisho mezani, unasema yote, ofisi nzima imesimama. Raha yake ni ya dakika tano, na bili yake unailipa wewe. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, huku Tanzania Bara, mwajiri akikuachisha bila kosa lako baada ya kutimiza mwaka kazini anakulipa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka 10. Ukijiuzulu mwenyewe, umemsamehe. Ukiacha tu kwenda, umempa na sababu: utoro. Akitaka kupunguza watu lazima atoe taarifa na awashirikishe kabla, kwa hiyo usimrahisishie kazi. Fika kwa wakati, tabasamu, fanya kinachokuhusu.

Wakati huohuo tafuta pengine. Una siku 28 za likizo kwa mwaka. Ziombe mapema, uende kwenye usaili ukiwa umelala vizuri. Ukipata kazi, toa notisi yako ya siku 28 kama ajira yako ni ya malipo ya mwezi, na omba cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako. Afisa utumishi naye akiwa ameshakimbia, kichape mwenyewe, weka tarehe za kuanza na kumaliza na kazi uliyofanya, mpelekee bosi pamoja na kalamu. Atasaini kwa aibu.

Ukiachishwa kabla hujapata pengine, chunga hesabu ya siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama malimbikizo ya mishahara, ndani ya siku 60. Bosi anaijua hesabu hiyo kuliko unavyodhani. Atakupigia kwa sauti ya baba, atakwambia, "Wewe ni mwanangu, mwezi ujao tukae tuyamalize." Huo mwezi ujao unaangukia siku ya 31. Mjibu, "Sawa mzee, nashukuru," kisha nenda kajaze fomu ya Tume asubuhi ileile. Mkikaa kuyamaliza, mkae mkiwa tayari mna tarehe ya usuluhishi.