Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Magomeni: Kumtunza Mpangaji wa Miguu 14

Kwanza, inua tofali. Chagua lile lililokaa uani tangu masika, nyuma ya pipa la maji, jua lisikofika. Polepole. Vidudu vya kijivu vyenye pingili mgongoni vitatawanyika kutafuta kiza. Kabla hujafuata dawa ya kupuliza, hesabu miguu. Ikiwa 14, hao si wadudu: ni ndugu wa kaa na kamba wanaouzwa soko la samaki la Feri, ila ukoo wao ulihamia nchi kavu.

Bahari hawajaiacha kabisa. Wanapumulia viungo vilivyo chini ya tumbo, navyo havifanyi kazi bila unyevu. Jua la saa saba litawakausha wafe. Kwa hiyo usikae na tofali mkononi ukiita majirani.

Ukimwona mmoja nusu mweupe, nusu wa kijivu, haumwi. Anajivua gamba: nusu ya nyuma leo, ya mbele siku chache baadaye. Jike hubeba mayai kwenye mfuko chini ya mwili, na watoto hutoka na miguu 12 tu. Jozi ya mwisho huota baadaye. Mimi haya hunifurahisha kila mara.

Kodi ya miezi sita usimdai. Analipa kila siku, kwa kusaga majani ya mwembe yaliyooza yawe mbolea ya mchicha wako.

Kisha jifunze kwa jamaa zake waishio mapango ya lava. Lava ikitiririka, juu hupoa na kuganda, ndani huendelea kwenda, mwisho hubaki handaki tupu. Milima ya Chyulu, Kenya, ina moja, Leviathan, lenye zaidi ya kilomita 10. Wengi waliamini mahandaki ya visiwa vya volkano hayana viumbe vyake, mpaka mtafiti Frank Howarth alipoanza kuvipata Hawaii mwaka 1971. Hukohuko, kisiwani Kauai, yumo jamaa mmoja asiye na macho, anayekula mizizi iliyooza inayopenya darini mwa pango. Mti ukikatwa juu, yeye chini analala njaa; tangu mwaka 2000 Marekani imemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Kisiwani Lanzarote nako, kwenye ziwa la pangoni Jameos del Agua, wageni wanakatazwa kutupa sarafu, maana sarafu zikiliwa na kutu majini huwadhuru kamba weupe vipofu waishio humo.

Basi, kwa kuwa yanayofanywa juu humfikia aliye chini, fundi akija kumwaga zege uani, mchoree kwa chaki mahali pa kuishia. Nusu mita ya udongo kando ya ukuta, chini ya mwembe, ibaki wazi. Hata maji ya mvua yatapata pa kunywea, yasikimbilie yote bonde la Jangwani. Atakwambia, "Mama, hapo patabaki tope." Mwambie ndiyo, tope ndilo unalolitaka, na hela yake haipungui.