Safari ya Watoto na Mahudhurio ya Miujiza

Mwaka mzima darasa langu la shule ya Jumapili halijazi benchi mbili, na la pili hubaki na nafasi ya kulaza mkoba wangu. Itangazwe tu safari ya Bagamoyo, uone! Wanatoka wapi hawa? Nafungua daftari la mahudhurio nakuta majina ambayo sijayaita tangu Krismasi, na mengine sijawahi kuyaita kabisa. Juzi nilimwuliza mmoja ni mtoto wa nani. "Shikamoo mwalimu, mimi wa pale kwa fundi cherehani." Fundi cherehani ni Msabato! Jana yake mtoto alikuwa kanisani kwao, leo yuko kwangu, anauliza basi lina tivii au halina.

Tusiwasingizie watoto wa Dar es Salaam na chipsi mayai zao. Mambo haya yalikuja na meli, pamoja na matarumbeta.

Mwaka 1780 huko Gloucester, Uingereza, mwenye gazeti mmoja aitwaye Robert Raikes alianzisha shule ya Jumapili kwa watoto wa maskini, waliokuwa wakishinda kwenye viwanda vya pini siku sita na siku ya saba wakizurura mitaani. Sifa zote anapewa yeye. Hannah Ball alikuwa ameshaanzisha yake High Wycombe mwaka 1769, ila hakuwa na gazeti la kujitangazia.

Sasa mtoto aliyetengeneza pini wiki nzima utamwambia nini aje kukaa darasani siku yake ya mapumziko? Lazima pawe na kitu mbele. Baada ya muda, kila kiangazi chao, ambacho kwetu ndicho kipupwe, makanisa yakawa na siku ya watoto: maandamano, mabango, bendi, kisha chai na mikate kwenye shamba la tajiri fulani. Cornwall kila mtoto alipewa mkate wa zafarani mkubwa kama sahani. Na mtoto alikuja na kikombe chake, mara nyingi kimefungwa kamba, kinaning'inia shingoni.

Hapo kwenye kikombe ndipo nilipowapenda Waingereza. Mwaka huu nilipendekeza kwenye kikao watoto waje na vikombe vyao, tuache kununua vile vya plastiki vinavyopeperuka ufuo mzima nikivikimbiza mimi. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi akaniuliza taratibu, mbele ya mzee wa kanisa, kama nyumbani kwangu kuna shida. Basi, vya plastiki vitanunuliwa.

Watoto wa kule nao walikuwa na hesabu zao. Siku ya chai ikikaribia, madarasa yalifurika, na wajanja walijiandikisha kwa Wamethodisti na kwa Wabaptisti kwa mpigo, wakala huku na kule. Walimu wakajihami kwa kadi za mahudhurio: huna alama za kutosha, huendi. Nami nikapendekeza kadi. Nikajibiwa kwamba Bwana alisema waacheni watoto waje. Sawa, lakini Bwana hakukodi basi la viti 30.

Aliyeyakuza mambo haya ni Mbaptisti mmoja, Thomas Cook. Tarehe 5 Julai 1841 aliwapakia kwenye treni watu wapatao 500, shilingi moja kila mmoja, kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga pombe. Baadaye, wiki ya mbio za farasi Leicester, akawahamishia watoto wa shule za Jumapili Derby ili wasione kamari. Manchester walikuwa na ujanja huohuo: wiki ya Pentekoste ilikuwa na mbio, basi watoto wakaandamanishwa upande mwingine. Kampuni yake ya utalii, iliyokuja kuvuma duniani, ilijifunzia kazi kwa watoto wenye njaa! Sisi farasi hatuna, tuna vibanda vya kubeti, na hivyo havina wiki maalumu ya kuvikimbia.

Sitanii kwenye jambo moja tu, breki. Tarehe 12 Juni 1889, treni iliyobeba watoto wa shule ya Jumapili ya Wamethodisti kutoka Armagh, Ireland, kwenda kuona bahari Warrenpoint, ilishindwa kupanda mlima. Wakayakata mabehewa ya nyuma, yakarudi chini yenyewe na kuigonga treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu 80, wakiwemo watoto. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha treni za abiria ziwe na breki zinazojikaza zenyewe. Kwa hiyo dereva akinuna nikimwambia tujaribu breki kwanza, na anune. Akina mama wanaoniita Mwalimu Breki nawasikia pia.

Tukifika Bagamoyo, mwelekezaji anajitahidi jamani. Anaeleza misheni ilivyoanza mwaka 1868, anaonyesha mbuyu, anaeleza Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari Livingstone, walivyoubeba mwili wake kutoka kwa chifu Chitambo, bara kabisa, hadi ukalala hapo mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mwaka jana akauliza nani ana swali. Mikono ikajaa hewani, nikavimba kwa fahari. Mtoto wa kwanza akataka kujua kama Chuma na Susi walipewa soda. Wa pili akauliza pilau ni saa ngapi. Wa tatu alikuwa na swali hilohilo.

Orodha ya mwaka huu nimeifunga jana baada ya ibada, nikasema hata aje mjukuu wa askofu simwongezi. Yule mtoto wa kwa fundi cherehani jina lake limo, sijui nani kaliandika. Alinifuata hadi getini, adabu zote, mikono nyuma.

"Mwalimu, samahani. Na Wamoraviani wao wanaenda lini?"